Lituma na Mguu wa Baba

Sindano ilikaa ndani ya mguu wa baba kwa siku mbili kabla ya mtu yeyote kuiona. Niliiona mimi. Baba alikuwa anatawadha uani kabla ya sala ya adhuhuri, na maji aliyojimiminia kwenye mguu wa kulia yalishuka kwenye saruji yakiwa na wekundu hafifu, kama maji ya kusuuzia nyama.

"Papa, muguu yako inatoka damu."

"Damu ya wapi?"

Akauinua mguu akautazama kana kwamba ni wa jirani. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu jeusi, na ndani yake kitu kikimetameta. Mama akaja, akapiga magoti, akakivuta kwa kucha. Kilikuwa kipande cha sindano ya cherehani, urefu wa kiungo cha kidole.

"Hukusikia kitu?" mama akauliza.

"Hapana kitu."

Akakumbuka kwamba sindano ilimvunjikia Jumanne. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Kwa siku mbili alikuwa ametembea, ameswali, amekanyaga pedali ya mashine, na chuma kimo ndani ya nyama yake.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Wazee wake walifika Kisangani na misafara ya biashara kutoka mashariki, zamani za mababu, na tangu hapo wanaume wa ukoo wetu walikuwa ama wafanyabiashara ama washonaji. Mashine yake ilikaa barazani, ikitazama barabara. Zaire ya miaka ile ilikuwa imepiga marufuku tai na koti la kizungu. Karani, mwalimu, mkubwa wa ofisi, wote walivaa abacost, lile koti la kola fupi linalofungwa hadi shingoni. Kwa hiyo kazi haikumpungukia. Pedali aliiendesha kwa mguu wa kulia. Wa kushoto aliuweka pembeni, umepumzika kama mgeni.

Mimi, binti yake, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafundisha darasa la tano, bado nalala kwa wazazi. Nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu: nani amekuja, amesema nini, mvua imeanza saa ngapi. Mama alisema serikali ilikosea kuniweka shule badala ya polisi. Maelezo haya nimeyatoa kwenye daftari la wakati ule, la jalada la kijani, ambalo bado ninalo.

Baada ya wiki moja tundu lilikuwa kidonda. Baada ya mbili, ukingo wa kidole ulianza kuwa mweusi. Tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana kutoka Kasai, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alimlaza baba, akamwambia atazame dari.

"Papa, nitakuchoma kidogo chini ya muguu. Ukisikia, sema."

Baba akatazama dari. Sisi tulimwona daktari akimchoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Dokta, anza basi," baba akasema. "Ninangoja."

Mama akageuza uso ukutani.

Ilikuwa maladi ya sukari, yaani kisukari, na haikuwa ya jana. Daktari aliuliza kama baba anakunywa maji mengi, kama anaamka mara nyingi kwenda haja ndogo, kama macho yanafifia jioni. Kila swali jibu lilikuwa ndiyo. Vidonge, akasema, farmasi haina. Meli ya kutoka Kinshasa ilifika bila dawa hiyo, na hakuna aliyejua ya pili ingekuja lini na ikiwa na nini.

"Alors, tutatumia tuliyo nayo," akasema. "Tuko na mudomo yako. Wiki sita, papa. Kidonda ikianza kufunga, bon. Kama haifunge, nitakata."

"Kidole?"

"Kidole. Ao zaidi."

"Ile ndiyo muguu ya mashine," baba akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi.

Daktari alieleza mambo mawili. La kwanza lilikuwa nini cha kula. Aliliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: aache sukari, mkate, wali, bia, na fufu, ule ugali wetu wa muhogo. Ale samaki, nyama, mayai, mboga za majani, mafuta. La pili lilikuwa saa za kula.

"Papa, unajua kufunga?"

Kwa mara ya kwanza siku ile baba alicheka. "Dokta, unauliza mamba kama anajua maji?"

"Najua ile yenu ya Ramadhani. Munashinda na njaa, jua ikizama munakula ya siku tatu. Mi sitaki ile. Utakula saa sita ya muchana, utakula tena mbele ya magharibi. Basi. Usiku na asubuhi, maji tu. Ukila, tia chumvi kidogo ndani ya mchuzi. Ukitetemeka, ukitoka jasho ya baridi, unafungua palepale, na unakuja kuniona. Na siku nitapata vidonge, usimeze na kufunga pamoja bila mi kujua. Ile itakuua."

Njiani baba alikuwa akitikisa kichwa. "Kufunga usiku na kula muchana. Hii funga ya wapi?" Jioni alimuuliza mwalimu wake wa chuo cha Kurani, ambaye alimjibu kwa ufupi kwamba hiyo ni dawa na si ibada, anywe maji yake na asitafute thawabu humo. Jibu hilo lilimtuliza.

Mama alifunika mashine kwa shuka jeupe. Sikulipenda shuka lile. Baba alikatazwa pedali, akabaki anashona kwa mkono barazani, vitundu vya vifungo na pindo, mguu wa kulia juu ya kigoda, umefungwa bendeji. Wateja walipita, wakatazama shuka, wakatazama mguu, wakauliza koti lao litakuwa tayari lini.

Hospitalini nesi alinipa kichupa cha dawa ya buluu na mrija wa kioo, akanifundisha kupima. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilitia dawa ndani ya mrija, nikadondosha matone manane ya mkojo wa baba, nikausimamisha mrija ndani ya kopo la maji yanayochemka juu ya mbabula ya makaa. Kisha nikangoja. Ikibaki buluu, mkojo hauna sukari. Kijani, kidogo. Njano, inaongezeka. Rangi ya chungwa, nyingi. Rangi ya tofali, nyingi kupita kiasi. Katika daftari, ukurasa wa kushoto niliandika kilichoingia mdomoni na saa yake. Wa kulia niliandika rangi.

Siku ya kwanza, tofali. Ya pili, tofali. Siku ya tatu baba aliumwa kichwa tangu alfajiri, akamkaripia mama kwa sababu jogoo alikuwa anawika, na jogoo hakuwa hata wetu. Siku ya tano akasema njaa ya asubuhi ni kama mteja mkorofi: usipomjibu, anaondoka mwenyewe. Kweli, kuanzia wiki ya pili ilipofika saa nne asubuhi alikuwa anashona akiimba chini chini. Lakini rangi ilikuwa tofali, kila asubuhi, siku kumi na moja mfululizo.

Sikuelewa. Nilizisoma kurasa za kushoto kama mwalimu anayetafuta kosa katika hesabu. Saa sita: samaki, sombe ya majani ya muhogo, lituma. Saa kumi na moja: mayai, matembele, lituma. Fufu hakuna. Wali hakuna, na mama, ambaye kwao ni Maniema, huko ambako mtu asiyekula wali huulizwa anaumwa nini, alikuwa amejinyima wali yeye mwenyewe ili harufu isimtese mumewe. Mkate hakuna. Chai bila sukari. Tulifuata karatasi ile neno kwa neno.

Lituma ni ndizi mbichi zilizochemshwa na kutwangwa mpaka ziwe tonge moja laini, la njano iliyofifia. Sisi wa Kisangani tumelelewa nayo. Kinu cha mama kilisikika mtaa mzima, na mapigo yake yalikuwa ya haraka na sawasawa. Majirani walisema wanajua saa kwa mchi wake. Katika karatasi ya daktari lituma haikuwemo. Mama alilitafuta neno hilo mara mbili, akanipa mimi nilitafute, kisha akashusha pumzi. Mungu alikuwa amemwachia kitu kimoja cha kumpikia mume wake.

Mvua ndiyo iliyotuonyesha. Ilinyesha siku nne, malori ya ndizi yakakwama kwenye matope ya barabara ya Bafwasende, na sokoni ndizi zikaisha. Mama alirudi na kapu lenye mbinzo, wale viwavi wa msituni waliokaushwa, uyoga, na matunda ya nsafu yenye mafuta, akampakulia baba huku akiomba msamaha kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Hapana ndizi, papa wa batoto. Uvumilie tu."

Baba alivumilia. Asubuhi ya pili bila lituma mrija ulitoka rangi ya chungwa. Asubuhi ya tatu, njano. Ya tano nilikaa mbele ya mbabula nikitazama mrija ukigeuka kijani, kijani cha jani changa la muhogo, nikaogopa kwamba nimekosea matone. Nikarudia. Kijani.

Sikwenda shule asubuhi ile. Nilikwenda hospitali na daftari, nikamkuta daktari mlangoni na kikombe cha kahawa. Alisoma kurasa zote, akiwa amesimama. Alipofika kwenye mvua akaweka kikombe chini.

"Lituma," akasema. "Lituma, lituma, lituma. Mbona sikuandika?"

"Karatasi inasema fufu."

"Kwetu Kasai tukisema fufu tumesema yote!" Akajipiga paji la uso. "Donc, siku kumi na moja papa anakula fufu ya ndizi. Mwalimu, ile ni kitu moja. Tumboni haina jina."

Nilimweleza mama. Alikwenda uani, akakilaza kinu ubavu, akakifunika kwa gunia. Sasa nyumbani kwetu tulikuwa na vitu viwili vimefunikwa, kinu na mashine, na kimya cha mchana kilikuwa kama cha nyumba yenye msiba.

Shangazi, dada mdogo wa baba, alikuja kuangalia kuna nini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mizuri na sauti ya sokoni, na alimpenda kaka yake, aliyemwita yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa, kuliko mtu yeyote duniani. Alikuta baba amekaa mbele ya chakula cha saa sita. Akafunua sahani moja moja.

"Samaki iko. Mboga iko. Mayai iko. Bon. Sasa chakula iko wapi?"

"Ndiyo hii," mama akasema.

"Wifi, ninaona mboga. Ninauliza chakula."

"Dokta alikataza."

"Dokta alikataza mutu kula? Tangu lini? Angalia yaya yangu, shingo imekuwa kama ya kuku ya kuchinja! Watu wanasema barabarani: mushonaji, bibi yake anamulaza na njaa. Ndiyo jina unatafuta?"

"Dada," baba akasema, "ni muguu."

"Muguu inakula nini, kama tumbo haikukula?"

Mama aliinuka akaingia ndani. Nilimsikia akipanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mzaha ulitoka kila upande. Karani mmoja wa posta, aliyekuwa anangoja koti lake, alimtazama baba akipita na abacost yake ya zamani, akamwita raia kama serikali ilivyoamuru miaka ile, akasema, "Citoyen, zamani ulikuwa unavaa nguo. Sasa nguo inakuvaa weye." Baba alicheka, lakini jioni nilimwona akikunja kiuno cha koti lile kwa vidole, akipima ni kiasi gani kimelegea.

Rangi zilikuwa nzuri sasa. Kijani, kijani, siku moja hata buluu. Bendeji ilipofunguliwa, ukingo wa kidonda ulikuwa na wekundu wa nyama mpya. Kisha Jumamosi moja nikapata tofali. Nikadhani ni mrija mchafu. Jumapili chungwa, Jumatatu njano, Jumatano kijani. Jumamosi iliyofuata, tofali.

Daktari alikuwa amesema aje kila wiki, na wiki ile hakupenda alichokiona. Wekundu mwingine, usio wa nyama mpya, ulikuwa unapanda kutoka kidoleni kuelekea mgongo wa mguu. Akachukua kalamu ya wino, akachora mstari kuuzunguka, moja kwa moja kwenye ngozi.

"Papa, angalia muzuri. Hii ni mupaka. Wekundu ikivuka, sitangoja wiki sita. Nitakata siku ile ile."

Usiku nilirudia daftari. Ijumaa zote mbili, ukurasa wa kushoto, saa sita: *amekula kwa shangazi*. Sikuwa nimeandika alikula nini.

Lazima nieleze sinia ya Ijumaa. Marehemu babu aliacha sinia kubwa ya shaba, pana kama gurudumu la baiskeli. Kila Ijumaa baada ya sala, watoto wake, yaani baba, shangazi na baba wadogo wawili, waliizunguka nyumbani kwa shangazi na kula kwa mkono. Haikuwa karamu. Ilikuwa namna ya kuulizana bila kuulizana. Asiyeingiza mkono katika sinia ana neno na nyumba, na neno hilo lazima litafutwe na kutatuliwa kabla ya Ijumaa nyingine. Nilishawahi kumwona baba mdogo mmoja akila na homa kali, tonge moja tu, ili mtu asidhani amekasirika.

Asubuhi nilimuuliza baba akiwa anatia uzi kwenye sindano.

"Papa, Ijumaa ulikula nini?"

"Samaki."

"Na nini?"

Uzi ukakataa kuingia. "Matonge," akasema. "Matatu. Labda tano."

"Ya lituma?"

"Mutoto yangu, sinia ya baba yangu. Nitaweka mukono wapi?"

Mbele ya sinia ile nilikuwa mtoto tu. Lakini nilikuwa na mrija.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa mchana, baada ya watu kurudi kutoka usafi wa lazima wa kila wiki, niliingia uani kwa shangazi na mbabula mkono mmoja, kapu mkono mwingine. Ndani ya kapu mlikuwa na kopo, mrija, dawa ya buluu na chupa ndogo ya mkojo wa baba wa asubuhi ile, kwa maana Ijumaa alikuwa amekula tena. Baba wadogo walikuwepo, wamekaa kwenye viti vya nyuzi. Baba alinifuata nyuma polepole na fimbo yake. Sikumwambia aje. Alikuja.

"Umekuja kutupikia?" shangazi akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Shangazi, kaa hapa karibu."

Nilidondosha matone mbele yao, nikihesabu kwa sauti, kama ninavyofanya darasani. Maji yakachemka. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, ikapita chungwa bila kusimama, ikatulia kwenye tofali. Kisha nikamfungua baba bendeji. Mstari wa wino ulikuwa umefifia kwa kuoga lakini ulionekana, na wekundu ulikuwa umeugusa. Haukuuvuka. Ulikuwa umeugusa tu.

"Ukivuka, wanakata," nikasema. "Hii tofali inatoka ndani ya sinia."

Baba wadogo wakainama kuutazama mguu. Kisha shangazi akaweka mikono kiunoni.

"Lituma yangu iko na sumu, donc? Mi ninakula ile ile kila siku. Pima yangu! Pima tuone!"

"Yaya, wacha," baba mdogo mmoja akasema.

"Kwa nini niache? Ninaogopa chupa?"

Akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na kikombe kilichofunikwa kwa sahani, kichwa juu kama anapeleka futari kwa mkubwa. Nikaosha mrija. Matone manane. Sisi sote tukainama juu ya kopo, hata baba, akijishikiza kwa fimbo.

Kijani. Njano. Chungwa. Ikasimama hapo, chungwa lililoiva vizuri.

Baba mdogo wa mwisho, ambaye hakuwahi kuacha mzaha upite, akasema, "Yaya, kidogo tu umupite kaka."

"Maji haikuchemka muzuri," shangazi akasema. "Rudia."

Nikarudia. Chungwa.

Alikaa kwenye kiti. Alitazama mikono yake, akatazama mguu wa kaka yake juu ya kigoda, mstari wa wino, kidole cheusi. Sauti ya sokoni ilikuwa imemtoka.

"Ninakunywa maji kama ngombe," akasema. "Nilifikiri ni joto."

Jumatatu alikwenda kwa daktari, akifuatana na mama. Sijui walisemezana nini njiani. Najua tu kwamba waliporudi walikuwa wamebeba kapu moja, kila mmoja sikio lake, na ndani mlikuwa na uyoga.

Ijumaa nilimsindikiza baba kwa shangazi, jambo ambalo sikuwa na desturi ya kulifanya. Sinia ilikuwa pale pale, imesuguliwa mpaka inang'aa. Katikati, mahali ambapo mlima wa lituma ulikaa siku zote, palikuwa na samaki wakubwa wawili wa mtoni waliopikwa kwa mawese, wamezungukwa na sombe na uyoga, na mayai yamepangwa ukingoni kama vifungo. Lituma ilikuwepo, ndani ya bakuli, pembeni, juu ya kiti.

"Ile ni ya wenye maji ya buluu," shangazi akasema kwa wadogo zake. "Mukono ndani ya sinia kwanza. Yaya, ingiza."

Baba akaingiza mkono. Wote wakaingiza. Waliona tabu kidogo, vidole havina tonge la kuchotea, mchuzi ukawachuruzika mpaka viwikoni, wakachekana. Baba wadogo walilitazama bakuli mara kadhaa, lakini hakuna aliyenyoosha mkono wakati kaka yao anakula. Baadaye, tukiaga, nilimwona mmoja wao nyuma ya jiko, bakuli mkononi, anakula haraka kama mwizi. Alipoona namtazama, aliweka kidole mdomoni.

Asubuhi ya Jumamosi nilichelewa kuweka mrija kwa makusudi. Niliogopa. Nilipouweka, nilikaa na mama, bega kwa bega. Maji yalichemka muda mrefu. Kijani kidogo sana, karibu na buluu. Mama akaichukua kalamu yangu, yeye ambaye hakupenda kuandika, akaandika neno hilo mwenyewe katika ukurasa wa kulia.

Wekundu ulirudi nyuma. Siku ya kwanza sikuamini, nikaweka ukucha wangu kati ya wekundu na mstari: nafasi ilitosha. Baada ya siku nne zilitosha kucha mbili. Wiki ya sita daktari alifungua bendeji, akabonyeza, akanusa, akabonyeza tena. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeanguka. Ncha ya kidole ilikuwa imekauka na kubaki fupi kidogo kuliko mwenzake. Lakini chini, pale sindano ilipoingia, palikuwa na ngozi nyembamba ya waridi, imefunga.

"Sikati," daktari akasema.

"Na pedali?" baba akauliza. Hakuuliza kitu kingine.

"Wiki mbili ingine. Halafu na kiatu. Na kila jioni mama aangalie chini ya muguu na macho yake, kwa sababu weye hautasikia tena. Ile imekwenda."

Simwambii mtu mwingine afanye kama sisi. Tulikuwa na daktari aliyetutazama kila wiki na mrija uliosema kweli kila asubuhi, na bado kosa la neno moja na sinia moja karibu vichukue mguu. Vidonge vilipofika, miezi baadaye, daktari alibadilisha saa za kula, na baba akatii bila kubishana. Lakini fufu hakuirudia. Lituma aliionja sikukuu tu, tonge moja, akisema anaisalimia.

Siku ya kuondoa shuka nilikuwa nyumbani. Asubuhi nilipitisha sakafuni sumaku niliyotoa kwenye redio iliyokufa, nikaokota sindano tatu na pini zisizohesabika. Kazi hiyo niliifanya kila siku mpaka nilipoolewa. Baba alivaa viatu vya ngozi, vya kufungwa, ambavyo zamani alivaa Idi tu. Alikaa. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Karani wa posta alikuwa hapo nje, anangoja koti lake tangu enzi hizo.

"Yangu ya kwanza, citoyen?" akauliza.

"Yako ya pili," baba akasema.

Akatoa abacost yake mwenyewe, ile iliyomlegea, tayari imefumuliwa mishono ya kiunoni. Akaiweka chini ya sindano, akatazama chini kuhakikisha mguu uko mahali pake, kwa kuwa mguu wenyewe usingemwambia. Kisha pedali ikaenda. Ilianza kwa kusitasita, halafu ikapata mwendo, na sauti ile ikatoka barazani ikaingia barabarani.

Alikuwa hajamaliza upande wa pili shangazi alipofika na gauni begani.

"Yaya," akasema, "ukimaliza yako, punguza na hii. Inaanza kunivaa."